MOYO HAUUGUI GHAFLA

Mara nyingi tusikiapo habari ya kifo cha mtu aliyekuwa mzima jana, sababu hutajwa kwa maneno mawili: "Ni moyo." Waombolezaji hutikisa vichwa, na wote hukubaliana kwamba jambo hilo halikuweza kuzuiwa kwa kuwa limekuja ghafla. Ukurasa wetu wa nyumbani wiki hii unaipinga kauli hiyo. Dakika ya mwisho yaweza kuwa ya ghafla. Ugonjwa wenyewe aghalabu sivyo. Mara nyingi umekwisha kukaa mwilini miaka kumi au ishirini, pengine tangu marehemu alipokuwa mtoto wa shule. Na milango ulimopitia ni ile ile tunayoiona kila siku nyumbani: koo la mtoto, chumvi ya chungu, na uchovu wa mama aliyejifungua ambao hakuna aliyeuuliza.

Tumeichagua Kamenge iwe mfano wetu. Kamenge ni mtaa wa kaskazini mwa Bujumbura, chini ya vilima, jirani na Kinama, Cibitoke, Ngagara na Gihosha. Wakazi wake ni wachuuzi, mafundi, waashi, madereva na familia zao. Mtaa huo uliumia vibaya katika vita vilivyoanza mwaka 1993. Watu wengi walihama, na baadaye wakarudi kujenga upya. Huko huko Kamenge ndiko iliko hospitali ya kufundishia ya Chuo Kikuu cha Burundi, ambayo wengi huijua kwa jina la Mfalme Khaled wa Saudia, aliyefariki mwaka 1982. Kwa hiyo mkazi wa Kamenge ana bahati ambayo mwananchi wa vilima vya mbali hana: hospitali kubwa i karibu naye. Hata hivyo hospitali, iwe karibu namna gani, mara nyingi huupokea ugonjwa wa moyo ukiwa umekwisha komaa. Mahali pa kuukamata ungali mchanga ni nyumbani na katika kituo cha afya cha mtaani. Ili tuelewe kwa nini, yafaa kwanza tukitazame chombo chenyewe.

PAMPU YENYE VYUMBA VINNE

Moyo ni msuli wenye ukubwa wa ngumi ya mwenyewe. Kwa mtu mzima una uzito wa gramu 300 hivi. Umekaa kifuani baina ya mapafu mawili, ncha yake ikielekea kushoto. Ndani una vyumba vinne: viwili vya juu, ambavyo kazi yake ni kupokea damu, na viwili vya chini, ambavyo kazi yake ni kuisukuma. Ukuta wa nyama huutenga upande wa kulia na upande wa kushoto, ili damu ya pande hizo mbili isichanganyike.

Upande wa kulia hupokea damu iliyokwisha kuzunguka mwilini na kutoa hewa yake ya oksijeni. Damu hiyo husukumwa mapafuni, huko ikapata hewa mpya, kisha ikarudi katika upande wa kushoto. Upande wa kushoto nao huisukuma kwa nguvu katika mshipa mkuu, nao huigawa kwa kichwa, mikono, tumbo, figo na miguu. Kwa kuwa kazi ya kulisha mwili mzima ni nzito kuliko kazi ya kuifikisha damu mapafuni, chumba cha chini cha kushoto kina ukuta mnene kuliko vyote.

Kila chumba cha chini kina vilango viwili, cha kuingilia na cha kutokea, jumla vinne. Vilango hivi ni vya utando mwembamba lakini imara, na hufunguka upande mmoja tu, ili damu iende mbele isirudi nyuma. Mganga anapoweka kifuani chombo chake cha masikioni, zile sauti mbili anazozisikia ni sauti za vilango vikijifunga. Kilango kilichoharibika husikika kwa namna nyingine: badala ya mlio mkavu hutoa mvumo, mfano wa maji yanayopenya penye ufa. Tukumbuke vilango hivi, maana tutavirudia.

Moyo hujiamrisha wenyewe. Katika ukuta wa chumba cha juu cha kulia kuna sehemu ndogo inayotoa mshtuko mdogo wa umeme, nao huenea na kuufanya msuli ujikaze. Mtu mzima akiwa ametulia, moyo hupiga kiasi cha mara 70 kwa dakika, yaani mara 100,000 hivi kwa siku. Kila dakika husukuma lita tano za damu. Mama anayebeba dumu la lita 20 kutoka bombani ajue kwamba moyo wake, kwa muda wa siku moja, husukuma kiasi cha madumu 360 ya namna hiyo, tena bila kuketi.

Elimu hii haikupatikana kwa siku moja. Katika karne ya 13 tabibu Ibn al-Nafis, mzaliwa wa Dameski aliyefanya kazi Kairo, aliandika kwamba damu hutoka upande wa kulia wa moyo, hupitia mapafuni, ndipo ifike upande wa kushoto. Mwaka 1628 tabibu Mwingereza William Harvey alichapisha kitabu akionyesha kwamba damu huzunguka mwilini ikisukumwa na moyo. Tangu hapo waganga walianza kuutazama moyo kama chombo kinachofanya kazi, na ambacho chaweza kuharibika sehemu hii au ile.

MAJINA YANAYOCHANGANYWA

Watu husema "ugonjwa wa moyo" kana kwamba ni mmoja. Yapo magonjwa mengi, na kuyatofautisha kuna faida.

Shambulio la moyo ni jambo la mishipa. Moyo haunywi damu inayopita ndani yake. Una mishipa yake midogo inayoulisha kutoka nje. Mafuta na makovu yakijikusanya ndani ya mishipa hiyo kwa miaka mingi, njia huwa nyembamba. Siku moja donge la damu likaziba, na sehemu ya msuli inayolishwa na mshipa huo ikaanza kufa. Kiharusi ni ndugu yake: mshipa wa ubongo huziba au hupasuka.

Moyo kusimama ni jambo jingine. Hapa moyo huacha kusukuma damu, mara nyingi kwa sababu umeme wake umevurugika. Shambulio la moyo laweza kuleta hali hiyo, lakini si sababu pekee. Warundi wengi waliyasikia maneno haya mwezi Juni 2020, Serikali ilipotangaza kwamba Rais Pierre Nkurunziza, aliyekuwa na umri wa miaka 55, alifariki hospitalini Karuzi tarehe 8 ya mwezi huo kwa moyo kusimama.

Moyo kushindwa kazi ni hali ya tatu, nayo huja polepole. Pampu ingali inapiga, ila haina nguvu ya kutosha. Damu hukwama nyuma yake kama gari zinavyokwama penye daraja bovu: maji hujaa mapafuni, mtu akakosa pumzi, hushuka miguuni, ikavimba, hujaa tumboni. Nyumbani hali hii yaweza kudhaniwa kuwa pumu, au uzee, au hata kurogwa.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 19.8 walikufa kwa magonjwa ya moyo na mishipa ya damu, karibu theluthi moja ya vifo vyote ulimwenguni. Zaidi ya robo tatu ya vifo hivyo vilitokea katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Basi wanaosema kwamba haya ni maradhi ya Wazungu na matajiri wamekosea.

Ila ni kweli kwamba kwetu moyo huugua kwa njia yake. Kati ya miaka 2007 na 2010 madaktari wa hospitali 12 katika nchi tisa za Afrika, Kenya na Uganda zikiwamo, waliwachunguza wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa kuwa moyo ulikuwa umeshindwa kazi. Burundi haikuwamo katika uchunguzi huo, lakini nchi nyingine za Afrika Mashariki zilikuwamo. Wastani wa umri wa wagonjwa ulikuwa miaka 52. Ulaya wagonjwa wa namna hiyo kwa kawaida wamepita 70. Katika wagonjwa 100, kiasi cha 45 walikuwa wameharibiwa moyo na shinikizo la damu, na 14 na homa ya baridi yabisi. Mishipa ya moyo iliyoziba, ambayo ndiyo habari kubwa ya Ulaya na Marekani, haikufika wagonjwa 8 katika 100. Maana yake ni kwamba moyo wa Mwafrika huvunjika mapema, mtu akiwa bado analea na kusomesha, tena kwa sababu ambazo nyingi zaweza kuzuiwa bila mashine za gharama kubwa.

KOO LA MTOTO

Tuanze na homa ya baridi yabisi. Tusiichanganye na maumivu ya magoti na kiuno ya wazee, ambayo nayo huitwa baridi yabisi. Hii ni ya watoto, na huanzia kooni.

Mtoto hupata homa, koo humwuma akimeza, tezi za shingo huvimba, na ukimfunua kinywa waona mafindofindo mekundu, pengine yenye madoa meupe. Mara nyingine wahusika ni vijidudu viitwavyo streptokoki. Mwili huunda askari wa kupigana navyo. Kwa bahati mbaya vijidudu hivyo vina sehemu zinazofanana na nyama ya moyo, na kwa baadhi ya watoto askari hao hukosea adui, kama mlinzi wa usiku anayempiga mwenye nyumba akidhani ni mwizi. Wiki mbili au tatu baada ya koo kupoa, homa hurudi. Goti huvimba, kisha hupona, maumivu yakahamia kifundo cha mguu au kiwiko. Baadaye hayo nayo hupita, na wazazi hushukuru. Lakini waganga wa zamani walikuwa na msemo kwamba ugonjwa huu huramba viungo na kuuma moyo. Vilango vilivyoumwa hubaki na makovu. Hushindwa kufunguka sawasawa au kujifunga barabara, na kila shambulio jipya la koo huweza kuongeza kovu juu ya kovu. Miaka kumi au zaidi baadaye kijana hushindwa kupanda mlima, au msichana hukosa pumzi katika mimba yake ya kwanza.

Ugonjwa huu hupenda mahali watu wanapolala wengi chumba kimoja, kwa sababu vijidudu vya koo hupita kwa mate na kikohozi. Hilo si kosa la mama yeyote. Ni hali ya makazi ya mitaa mingi kama Kamenge.

Hapa pana jambo la kufikiriwa sana. Tangu mwezi Mei 2006 Burundi ilifanya matibabu ya watoto wasiofikia miaka mitano, na ya akina mama wanaojifungua, kuwa bila malipo. Uamuzi huo uliwafungulia milango ya vituo vya afya watu wengi. Lakini homa ya baridi yabisi humshika zaidi mtoto wa miaka 5 hadi 15, yaani baada ya mlango ule kufungwa nyuma yake. Mzazi mwenye fedha kidogo hupiga hesabu: koo litapona lenyewe, kwa nini nitoe fedha? Na ni kweli, koo hupona lenyewe. Moyo ndio usiopona.

Wazazi wengine humpeleka mtoto kwa mkata kilimi, kile kinyama kinachoning'inia kooni, ambacho Warundi hukiita ikirimi. Kukikata hakuui streptokoki. Badala yake huweza kumletea mtoto damu isiyokoma na maambukizo mapya kutoka katika wembe. Desturi hiyo yafaa kuachwa.

Dawa ipo, tena ni ya zamani na ya bei nafuu: penisilini. Koo la streptokoki likitibiwa ndani ya siku tisa za mwanzo, kwa sindano moja au kwa vidonge vya siku kumi vilivyomezwa hadi vikaisha, homa ya baridi yabisi huzuiwa. Si kila koo huhitaji dawa hii. Mtoto anayetokwa na kamasi na kukohoa kwa kawaida ana mafua tu, na penisilini haitamsaidia. Mwacheni mganga aamue, wala msinunue vidonge viwili vitatu dukani; dawa nusu ni sawa na kufunga nusu ya mlango.

Na yule ambaye amekwisha kuumwa moyo? Naye asikatiwe tamaa. Huko Gulu, kaskazini mwa Uganda, kuanzia mwaka 2018 zaidi ya watoto 800 waliogunduliwa kuwa na dalili za mwanzo za ugonjwa huu katika vilango vya moyo walifuatwa kwa miaka miwili. Nusu yao walipigwa sindano ya penisilini kila wiki nne. Kwa waliopata sindano, ugonjwa uliendelea kwa watoto 3 tu. Kwa wasiopata, uliendelea kwa 33. Ndiyo maana mtoto aliyeandikiwa sindano za kila mwezi asiachishwe kwa kuwa "amepona". Sindano hizo huendelea kwa miaka mingi, na huulinda moyo usiumwe tena.

Makovu yakizidi, kilango hakina budi kutengenezwa au kubadilishwa kwa upasuaji. Kanda yetu sasa ina mahali pa kazi hiyo, kama Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyofunguliwa Dar es Salaam mwaka 2015, na Taasisi ya Moyo ya Uganda huko Kampala. Lakini pima mwenyewe, ndugu msomaji, umbali uliopo kati ya safari hiyo na sindano moja ya koo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

CHUMVI NA MAISHA YA MJINI

Mlango wa pili ni shinikizo la damu, ambalo wengi huliita presha. Ni nguvu ambayo damu husukumia kuta za mishipa. Nguvu hiyo ni ya lazima, la sivyo damu isingefika kichwani. Ikizidi kwa miaka mingi, kuta za mishipa huwa ngumu, msuli wa moyo hunenepa kwa kazi nzito hadi ukachoka, figo huharibika, na mshipa wa ubongo huweza kupasuka. Na katika muda wote huo mtu aweza asisikie lolote. Anayengoja kichwa kimwume ndipo apime anangoja mgeni asiyebisha hodi.

Je, maradhi haya ni ya asili yetu? Historia ya Afrika Mashariki yenyewe inajibu. Mwaka 1929 daktari Mwingereza C. P. Donnison alichapisha habari za watu 1,000 aliowapima Kavirondo, magharibi mwa Kenya. Hakukuta presha kubwa kati yao, na wazee hawakuwa na presha ya kuwazidi vijana. Miongo sita baadaye, mwaka 1990, wachunguzi wengine walichapisha habari za Wajaluo waliotoka vijijini huko huko magharibi mwa Kenya kwenda kukaa Nairobi. Muda mfupi tu baada ya kufika mjini presha zao zilikuwa zimekwisha panda kuliko za wenzao waliobaki vijijini, na mkojo wao ulionyesha kwamba mlo umebadilika: chumvi imezidi, na potasiamu, ile madini ya matunda, mboga na kunde, imepungua.

Damu ya watu wale haikubadilika njiani. Kilichobadilika ni chungu, mwendo na usingizi. Kamenge nayo, kama mitaa yote ya miji yetu, imejaa watu waliotoka vilimani.

Basi dawa ya kwanza i mikononi mwa mpishi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipite gramu tano za chumvi kwa siku, yaani chini kidogo ya kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa chumvi yote ya siku nzima. Hesabu hiyo huharibiwa na mambo madogo: chumvi inayowekwa mezani na kunyunyizwa kabla hata mlaji hajaonja, vile vipande vya kutia ladha mchuzi, ambavyo ni chumvi kwa sehemu kubwa, na samaki waliohifadhiwa kwa chumvi, ambao hupikwa bila kuoshwa kisha wakaongezwa chumvi nyingine. Samaki wa namna hiyo waloweke, mwaga maji, waloweke tena. Mchuzi wa maharage utiwe kitunguu, nyanya, pilipili na ndimu. Punguza chumvi kidogo kidogo kila wiki, na ulimi utazoea. Lengalenga, sombe, maharage, ndizi na maparachichi ni vyakula vyetu vya siku zote, tena ni rafiki wa moyo. Mawese yatumike kwa kiasi, na mafuta yaliyokwisha kukaangia mara nyingi yamwagwe.

Kupima presha ni kazi ya dakika chache. Mpimwaji aketi kimya dakika tano, mgongo umeegemea, miguu iko chini, mkono umewekwa juu ya meza. Atasomewa tarakimu mbili: ya juu ni nguvu wakati moyo unapojikaza, ya chini ni nguvu wakati unapolegea. Iliyo njema ni kama 120 kwa 80. Wanaofuata desturi ya Kifaransa husema 12 kwa 8, na maana ni ile ile. Ikifika 140 kwa 90 au zaidi, siku mbalimbali, hiyo ni presha ya juu, na mganga ataeleza la kufanya. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 karibu nusu ya watu wazima wenye presha ya juu duniani hawakujua kwamba wanayo.

Aliyeandikiwa vidonge na avimeze kila siku. Presha ikishuka, ni vidonge vilivyoishusha. Ukiviacha itapanda tena. Wala mume asimgawie mkewe vidonge vyake, maana dawa ifaayo moyo mmoja yaweza kuudhuru mwingine.

MAMA ALIYEJIFUNGUA

Mlango wa tatu hutajwa mara chache. Baadhi ya wanawake, katika mwezi wa mwisho wa mimba au katika miezi mitano ya kwanza baada ya kuzaa, hupatwa na ugonjwa unaolegeza msuli wa moyo. Chanzo chake hakijajulikana chote, lakini huonekana zaidi Afrika kuliko Ulaya. Mama huvimba miguu, huchoka kupita kiasi, hukohoa usiku, na hawezi kulala chali kwa kukosa pumzi, hata huomba mito miwili mitatu.

Hatari yake ni kwamba dalili hizi hufanana na uchovu wa kawaida wa uzazi. Wakwe na majirani humwambia ajikaze. Baada ya kuzaa, uvimbe wa miguu wapaswa kupungua siku hata siku; ukiongezeka, tena pamoja na kukosa pumzi, huo si uchovu. Mama apelekwe hospitali siku ile ile. Siku ya chanjo ya mtoto nayo ni nafasi njema ya kumweleza mwuguzi habari za mama mwenyewe. Wengi wakiwahi kutibiwa hupata nafuu kubwa. Lakini kabla ya mimba nyingine mume na mke wote wawili wamwone daktari, kwa maana mimba inayofuata yaweza kuurudisha ugonjwa kwa ukali zaidi.

MENGINE YA NYUMBANI

Tumbaku hukaza mishipa na kuharakisha kuziba kwake. Moshi wake humdhuru pia asiyevuta aliye chumba kimoja na mvutaji. Pombe nyingi, iwe Primus ya chupa au urwarwa wa ndizi, hupandisha presha na kulegeza moyo. Ugonjwa wa sukari nao huharibu mishipa, kwa hiyo mwenye sukari apimwe presha kila aendapo kliniki. Mwili upewe mwendo angalau dakika 150 kwa juma, hata ikiwa ni kutembea kwa haraka tu. Vijana wa Kamenge wanao uwanja wa kuchezea katika Kituo cha Vijana kilichoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wazee nao wanayo njia ya vilimani asubuhi.

Kila mtu nyumbani ajue dalili zisizongoja kesho: maumivu mazito katikati ya kifua, mfano wa jiwe lililowekwa juu yake, yakienea mkononi, shingoni au tayani, pamoja na jasho baridi, kukosa pumzi ghafla, mdomo kupinda, mkono kulegea au maneno kutatizika, ambazo ni dalili za kiharusi. Mtu akianguka, asijibu wala asipumue, itwe gari mara moja, na wakati huo huo alazwe chali, mtu mwenye nguvu aweke mikono katikati ya kifua chake na kukisukuma chini kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha hadi msaada ufike. Kummwagia maji au kumpa kitu cha kunywa hakufai.

KUMBUKA

Kwa kifupi, ndugu msomaji, juma hili fanya mambo manne. Mtoto mwenye homa na koo lisilo na mafua apelekwe kituo cha afya kabla koo halijapona lenyewe. Watu wazima wote wa nyumbani wapimwe presha, na tarakimu zao ziandikwe katika daftari la nyumba. Chumvi iondolewe mezani, ibaki jikoni. Na ikiwa katika ua wenu yupo mama aliyejifungua karibuni, mwulizeni jambo moja: usiku analalaje? Akijibu kwamba hulala ameketi, msimngoje apumzike. Mpelekeni.